Aliyewatoa Watoto Bwenini

Wanafunzi walimwita mwalimu wao Ushahidi, na walidhani hajui. Alilijua jina hilo tangu mwaka wake wa pili wa kazi, akanyamaza, kwa sababu kusema kweli alilipenda. Lilitokana na swali lake la kila siku. Mtoto akisimama na kusema, "Mfalme huyu alikuwa mtu mwema," yeye huishusha miwani hadi ncha ya pua na kuuliza, "Ushahidi uko wapi? Alifanya nini, lini, mbele ya nani?" Na mtoto ambaye hakusoma hukaa chini taratibu, akijifanya ameangusha kalamu.

Mama huyu alifundisha historia na fasihi katika shule ya kanisa, darasa la sita na la saba, mwaka wa thelathini na moja sasa. Shule yenyewe ilikuwa majengo manne yaliyozunguka uwanja wa vumbi, na chumba chake kilikuwa cha mwisho, jirani na vyoo, jambo alilolilalamikia kwa miaka kumi kisha akalizoea. Ubao ulikuwa na ufa katikati, basi kila nchi aliyoichora ilipata mto ambao Mungu hakuuweka. Watoto walishajua. Wakinakili, waliuruka tu.

Kwenye ratiba hakukuwa na kipindi cha tabia njema ya Kikristo. Mkuu wa shule mmoja wa zamani aliwahi kutaka kukiweka, Ijumaa saa nne, na kukitafutia kitabu chake. Ushahidi alikataa katakata. Alisema tabia haifundishwi kama orodha ya vitu vya kununua sokoni: upole, uvumilivu, kiasi. Mtoto ataikariri orodha yote, atapata alama zote, kisha atatoka nje na kumpiga mwenzake teke. Tabia inafundishwa kwa watu. Waletee jemadari aliyeshinda vita vitatu akashindwa kumwomba radhi ndugu yake. Waletee mjakazi wa hadithi za kale aliyefukuzwa kwa bwana wake kwa kukataa kushuhudia uongo. Waache wabishane, waache wakasirike. Halafu waulize wao wangefanya nini, na uwape muda wa kutosha wa kuona aibu. Hapo ndipo sala ya asubuhi inapopata miguu ya kutembelea.

Na alikuwa hodari, tusimnyime haki yake. Kuna fundi bomba mmoja, jitu la miraba minne, aliyekuja nyumbani kwake siku moja kumwambia kwamba alikuwa amepasua bomba la mteja na alitaka kusema amelikuta limepasuka. Kilichomzuia ni kwamba alisikia kabisa sauti ya huyu mwalimu wake wa zamani, pale chini ya sinki, ikimuuliza lini na mbele ya nani. "Ulinitia hasara, Mwalimu," alisema akicheka, lakini alikuwa amesafiri nusu siku kuja kulisema hilo.

Kisa alichokipenda kupita vyote hakikutoka vitabuni. Kilikuwa kisa cha shule yenyewe, na kila mwaka ndicho kilichokuwa somo lake la kwanza kwa darasa la sita. Jumamosi moja mchana, miaka hamsini na nne iliyopita, bweni la wasichana lilishika moto. Ndani walikuwamo watoto tisa waliougua surua. Mchungaji aliyeianzisha shule, mtu mzima wa miaka sitini, alivua joho lake, akaingia, akawatoa wanane. Akawahesabu uwanjani, akaona mmoja hayupo. Paa lilikuwa limeanza kuanguka. "Akarudi," Ushahidi angesema, kisha angenyamaza, na darasa zima lingenyamaza naye, hata wale wa nyuma wanaokula karanga. Kwenye ukuta wa bwalo kulikuwa na picha ya tukio hilo: Mchungaji anatoka kwenye moshi na mtoto begani. Mchoraji hakujua kuchora watoto, kwa hiyo yule wa begani alikuwa na uso wa mzee wa miaka hamsini, lakini hakuna aliyecheka mbele ya picha hiyo.

Mwaka huu shule ilikuwa inatimiza miaka sitini. Mkuu wa shule, ambaye naye alipita mikononi mwa Ushahidi akiwa na kaptura iliyopasuka, alikuwa ameagiza jiwe la kumbukumbu lichongwe kisa hicho kwa ufupi. Na Ushahidi, kwa kuwa alitaka watoto wauone ushujaa ukiwa karibu nao, aliwapa darasa la sita kazi ya nyumbani: muulize mtu mzima wa kwenu akusimulie jambo moja la ushujaa aliloliona kwa macho yake, uliandike.

Alisisitiza neno hilo, "kwa macho yake". Alilirudia mara mbili na kulipigia mstari ubaoni.

Kazi ziliporudi, nyingi zilikuwa za mbwa wakali na wajomba. Kisha akafika kwenye daftari la msichana wa dirishani, ambaye wenzake walimwita Mwandiko, kwa sababu herufi zake zilinyooka kama zimepigwa chapa. Hakuwa msemaji. Mwaka mzima alikuwa ameinua mkono labda mara nne, na mara zote nne alikuwa sahihi.

Mwandiko aliandika kwamba bibi yake, mama wa baba yake, alikuwa na miaka kumi wakati wa moto, na alikuwa mmoja wa wale tisa. Bibi anasema dobi wa shule ndiye aliyevunja dirisha kwa ndoo, akaingia na mablanketi aliyoyatoa kwenye beseni yakiwa yanachuruzika maji, akawatoa wote tisa mmoja mmoja. Yeye bibi alikuwa wa saba. Mchungaji alikuwa amesimama uwanjani, ameshika kichwa, analia. Hakuingia.

Ushahidi alihisi damu ikimpanda. Alisoma tena. Halafu akafanya jambo ambalo hadi leo akilikumbuka hufumba macho: hakumwita mtoto pembeni. Alimsimamisha mbele ya wenzake arobaini na mmoja.

"Mwandiko, haya umeyatoa wapi?"

"Kwa bibi, Mwalimu. Ulisema tumuulize mtu aliyeona."

"Na ushahidi?"

"Bibi alikuwamo ndani."

"Bibi yako alikuwa mtoto, tena mgonjwa. Ana homa, chumba kimejaa moshi. Atajuaje ni nani aliyembeba?"

Mwandiko alifikiri kidogo. "Anasema alinukia sabuni."

Darasa likaangua kicheko. Kicheko hicho ndicho kilichomaliza mambo, maana mwalimu akichekewa somo lake takatifu hawezi kurudi nyuma tena. Ushahidi aligonga meza. Alisema kwa sauti ya chini, ile wanayoiogopa, kwamba kumsingizia mtumishi wa Mungu aliyekwisha kufa si jambo la kuchekesha; kwamba wazee husahau, na hilo si kosa lao, lakini mtoto anayeandika bila kupima anageuka mtunzi wa uongo. Kisha akamtaka aseme mbele ya wote kwamba ametunga, na aombe radhi.

Mtoto aliangalia dirishani, akaangalia viatu vyake. Halafu akasema, kama mtu anayesoma tangazo, "Nimetunga. Naomba radhi." Akakaa. Ushahidi akampa alama tano kwa ishirini, kwa ajili ya mwandiko, na akarudi mezani akijiona ametenda haki. Tena kwa upole. Si hakumchapa?

Mchana ule moyo ulikuwa bado haujatulia, akaona njia nzuri ya kulimaliza jambo ni kumwonyesha mtoto chanzo chenyewe, kwa macho, kama inavyopasa. Alikwenda ofisini kwa mhazili kuomba ufunguo wa kabati la chuma, lile lisilofunguka kwa ufunguo peke yake bali kwa ufunguo na teke.

Alianza na kijitabu cha historia ya shule. Kisa kilikuwamo, ukurasa wa kumi na nne, na chini yake maandishi madogo: tazama jarida la kanisa. Alilitafuta jarida la kanisa, akalikuta chini ya vyeti vya mpira wa miguu. Jarida lilisimulia kisa chote, hadi joho, na likamalizia kwa kueleza kwamba habari hizo ni kwa mujibu wa igizo lililoonyeshwa na wanafunzi katika maadhimisho ya miaka thelathini ya shule. Basi akatafuta igizo. Lilikuwa chini kabisa, limefungwa kwa utepe uliopauka, daftari la mazoezi la kurasa arobaini na nane. Alilifungua, akauona mwandiko wake mwenyewe.

Alisimama pale ofisini na daftari mkononi, mhazili akimuuliza kama amepata alichokuwa anakitafuta. Akasema amepata.

Palikuwa na kitu kimoja zaidi, kitabu cha matukio ya shule cha mwaka ule wa moto. Alikijua. Sentensi tatu: "Bweni la wasichana limeungua. Watoto wote tisa wametoka salama. Mungu asifiwe." Basi. Hakuna Mchungaji, hakuna joho, hakuna kurudi.

Ilikuwa mwaka wake wa kwanza wa kazi. Alikuwa na miaka ishirini na mitano, anaishi chumba cha kupanga chenye meza moja ya kulia, ya kusahihishia na ya kupigia pasi. Wakamwambia, mwalimu mpya, tuandikie igizo la maadhimisho. Alisoma sentensi tatu zile na kuona hazitoshi hata onyesho moja. Akaitazama picha ya Mchungaji iliyotundikwa ofisini, macho ya huruma, akajisemea: mtu wa namna hii lazima aliingia. Angeweza kuuliza. Walikuwapo watu wa kuulizwa, na wengine walikaa mtaa wa pili tu. Hakuuliza, kwa sababu alikuwa na wiki mbili na kwa sababu, tuseme ukweli, alishakipenda alichokwisha kukiandika. Siku ya maadhimisho akina mama walilia hadi wakavua vitambaa vya kichwa kujifutia. Askofu alimshika mkono kwa mikono miwili. Mwaka uliofuata mtu alimsimulia yeye kisa hicho kama habari ya kweli, tena vizuri kuliko alivyokiandika, naye akaona aibu kumkatiza. Mwaka wa tatu akakisimulia mwenyewe. Uongo haukuingia kwa mlango mkubwa. Uliingia kidogo kidogo, akiukaribisha kila mwaka, mpaka akasahau kwamba ni mgeni.

Nyumbani mume wake, fundi saa, alikuwa mezani na kioo chake jichoni, anaichokonoa saa ya mtu. Ushahidi aliketi bila kuvua viatu.

"Mzee, nimemdhalilisha mtoto wa watu."

Alimweleza yote. Mume alisikiliza bila kuinua kichwa, maana skrubu za saa zikiruka hazirudi. Alipofika kwenye daftari la igizo, alikitoa kioo jichoni.

"Kwa hiyo ulitia chumvi."

"Chumvi? Nilipika chungu kizima."

Mume akaanza kucheka, kicheko kile cha mabega. "Mama watoto! Miaka yote hii nikichelewa robo saa unaniuliza ushahidi uko wapi, kumbe..." Akauona uso wake, akakatiza. Alipanga skrubu kwenye kisosi moja moja. "Unalia nini hasa? Jina lako au mtoto?"

Ushahidi alitaka kujibu haraka, akajizuia. "Vyote viwili," akasema. "Na jina limetangulia. Ndilo linaloniuma."

"Afadhali umelisema," mume akamwambia. "Sasa nenda kwa huyo bibi."

Alikwenda kesho yake baada ya vipindi. Bibi yake Mwandiko aliishi kwenye nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya magari, na alikuwa ukumbini ameketi mkekani, anachambua mchele kwenye ungo. Mwanamke mwembamba, mwenye macho makali. Ushahidi alimzidi unene na cheo, lakini alimwamkia kwa kupiga goti kidogo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye mwalimu." Hakuuliza. "Keti. Si huko, huko sakafu ina mapengo, utaniangukia. Hapa."

Ushahidi akaketi. Akasema tu, "Nimekuja kukusikiliza kuhusu moto."

Bibi aliendelea kuchambua. Alisema kweli alikuwa na homa, na kweli moshi ulikuwa mwingi, lakini hakuona haja ya kumwona mtu usoni ili amjue. Dobi alikuwa akiwafulia mashuka tangu walipougua. Alikuwa akiwaimbia dirishani vibaya sana, sauti kama mlango, ili wacheke. Alipombeba, alikuwa anaimba. Ndani ya moto ule, mtu anaimba, tena vibaya vilevile.

"Mikono yake iliungua," bibi akasema. "Ikapona imekunjamana. Dobi asiyeweza kukamua nguo atafanya kazi gani? Akaondoka. Hatukuambiwa alikwenda wapi, na sisi watoto hatukuuliza. Nami nimezeeka sijauliza. Hilo ni langu."

"Na Mchungaji?"

Bibi akaweka ungo chini. "Mchungaji alikuwa mtu mwema, wewe. Usije ukamgeuza sasa ukamfanya mbaya. Aliogopa. Miguu ilimgomea. Alikuja kukaa nasi kila siku hospitali, anatulisha kwa kijiko, na kila siku analia. Hakuwahi kusema kwamba aliingia. Hata siku moja. Nyinyi ndio mliomwingiza."

Ushahidi akainamisha kichwa. 

"Mimi sina shida na picha yenu," bibi akaendelea. "Nimeipita ile picha mara ngapi nikija kuleta karo. Nikasema, waache, hawakuwapo. Lakini jana mjukuu wangu amerudi, ameketi hapo ulipoketi, ananiuliza: bibi, una uhakika? Nikamwambia, uhakika wa nini? Akasema, una uhakika kwamba ulikuwa ndani?" Akaokota ungo tena. "Mtoto huyu nimemlea mimi. Hajawahi kunitazama vile."

Njiani kurudi Ushahidi alitembea polepole, amekumbatia mkoba kama mtoto aliyefukuzwa darasani. Kilichomchoma hakikuwa aibu peke yake. Alimfikiria dobi. Miaka thelathini alikuwa akiwatafutia watoto mtu wa kawaida aliyempenda jirani yake kuliko ngozi yake mwenyewe, na mtu huyo alikuwa pale pale shuleni, na mablanketi yake ya maji na wimbo wake mbaya, na yeye akampita akaenda kutunga mwingine mwenye joho. Alikuwa ameona kwamba ukweli wa Mungu hautoshi, unahitaji kusaidiwa kidogo. Na hata woga wa Mchungaji ulikuwa somo: mtu anayeshindwa siku moja, kisha anarudi kila siku na kijiko. Watoto wake wangelielewa hilo. Wao nao huogopa.

Kesho yake mkuu wa shule alimsikiliza akiwa amesimama, ishara kwamba ana haraka. Alipomaliza, mkuu akaketi.

"Mwalimu, jiwe limeshachongwa."

"Lichongwe jingine."

"Maadhimisho ni wiki ijayo. Askofu anakuja. Na hadithi hii, Mwalimu... hadithi hii imetujenga. Mimi mwenyewe imenijenga. Nilikuwa mwizi wa chaki, unakumbuka? Niliacha kwa sababu ya neno lako moja tu, lile 'akarudi'." Alikuwa karibu kulia, na hakuwa anaigiza. "Sasa unaniambia nini?"

Hilo lilimpiga Ushahidi kuliko kitisho chochote. "Nakwambia nilikudanganya," akasema, "na wewe ukawa mtu mwema hata hivyo. Mshukuru Mungu, usinishukuru mimi."

Mkuu alijipangusa uso kwa kiganja. Alisema suala la jiwe atalipeleka kwenye kamati. Lakini darasani, akaomba, angoje maadhimisho yapite. Wiki moja tu. Ushahidi akasema mtoto yule amekaa siku tatu akiitwa mtunzi wa uongo, na wiki moja kwa mtoto ni ndefu mno. Akaaga kwa adabu zote na kutoka.

Siku iliyofuata alipiga moyo konde, akaingia darasani bila vitabu. Walipomaliza sala hakuwaambia wakae, kisha akakumbuka, akawaambia. Alikuwa amelala kidogo. Chaki ilikuwa mkononi na hakuwa na la kuandika.

Aliwasimulia. Hakujipunguzia. Aliwaeleza kuhusu chumba cha kupanga na meza moja, sentensi tatu, wiki mbili, na watu wa mtaa wa pili ambao hakwenda kuwauliza. Aliwasomea kitabu cha matukio. Aliwaeleza jinsi kijitabu kilivyompeleka kwenye jarida, jarida kwenye igizo, na igizo kwake mwenyewe. Kisha akawasimulia habari za dobi, ndoo, dirisha, mablanketi, mikono. Aliposema habari ya wimbo, wale wa nyuma waliacha karanga. Hakuna aliyecheka kuhusu sabuni.

"Mwandiko aliandika kweli," akasema. "Alifanya kazi niliyowapa, kwa njia niliyowafundisha, na mimi nikamwaibisha mbele yenu kwa sababu niliogopa kuwa nimekosea. Kwa hiyo mbele yenu namwomba radhi. Mwandiko, nisamehe."

Darasa zima likageuka kuelekea dirishani. Mtoto alikuwa ameinamia dawati. Wengine walianza kupiga makofi, kwa kuwa watoto huona kila jambo gumu likisemwa ni lazima lipigiwe makofi, lakini Mwandiko aliinua mkono na makofi yakafa.

"Mwalimu, naweza kuuliza?"

"Uliza."

Akasimama. Mikono aliishika nyuma, kama wanavyofundishwa. "Siku ile ulinitaka niseme nimetunga."

"Ndiyo."

"Sikuwa nimetunga. Nilijua sikutunga."

"Najua."

"Lakini nilisema. Wewe hufundisha kwamba mtu hata akiogopa asishuhudie uongo. Yule mjakazi alikataa, akafukuzwa." Akawatazama wenzake. "Mimi nilikubali. Nilimfanya bibi yangu mwongo, mbele ya watu wote. Sijawahi kudanganya darasani kwako, Mwalimu, ila siku hiyo. Hilo naliombea radhi kwa nani?"

Miaka thelathini na moja Ushahidi alikuwa amewasimamisha watoto pale walipokuwa wameshindwa, akawauliza na kungoja, na sasa aliyekuwa akingojwa ni yeye. Aliiweka chaki mezani, akatembea kati ya madawati hadi dirishani, akapiga goti, ili wawe sawa kwa urefu. Machozi yalimtoka na hakuyafuta.

"Kwa bibi tutakwenda pamoja, leo, mimi na wewe," akamwambia. "Nitasema mimi kwanza. Lakini uongo ule usiuite wako, mwanangu. Ulifundishwa. Niliyekufundisha ni mimi."